Bidoni, rafia na robota: hesabu ya plastiki Kolwezi

Fundi wa bidoni haweki kibao. Upande wa Manika, mjini Kolwezi, jiko la makala, kisu kilichokufa makali na lundo la vipande vya plastiki ya njano kando ya barabara vinatosha kumtangaza. Mama analeta bidoni ya lita 20 inayovuja kitakoni. Fundi anatia kisu motoni, anakata kipande kwenye bidoni nyingine iliyokwisha maisha, anakiyeyusha juu ya ufa, kisha anakilaza kwa bapa la kisu kama mtu anayesawazisha bukari, yaani ugali, sahanini. Anatia maji, anainua, anatazama chini. Tone lisipoanguka, analipwa.

Bidoni tupu ya namna hiyo ina uzito wa kilo moja hivi. Ilifika mjini ikiwa imejaa mafuta ya kula, ikauzwa, ikawa chombo cha maji, kesho huenda ikabeba mafuta ya taa au kinywaji cha munkoyo. Plastiki yake ni polithini nzito, na kuizalisha kilo moja kutoka kwenye mafuta na gesi ya ardhini hutoa karibu kilo 2 za gesijoto kabla bidoni yenyewe haijaonja tone la kwanza. Mwaka wowote ambao fundi anauongeza kwenye maisha ya bidoni hiyo ni mwaka ambao kiwanda cha mbali kimekosa oda ya bidoni moja. Kwa mwenye kupima tabianchi, faida ya kurejeleza plastiki iko hapo, kwenye oda iliyokosekana. Mtaro uliosafishwa ni jambo jema kwa malaria na kwa mafuriko, lakini angani hauhesabiki.

Shirika la Ushirikiano wa Kiuchumi na Maendeleo, OECD, lilipiga hesabu ya mwaka 2019: dunia ilitumia tani milioni 460 za plastiki, na plastiki hiyo, tangu kisimani hadi jalalani, ilitoa tani bilioni 1.8 za gesijoto. Ni asilimia 3.4 ya gesi zote zilizotolewa na binadamu mwaka huo. Kati ya hizo, sehemu 9 kwa 10 zilitoka kwenye kuzalisha plastiki na kuigeuza kuwa bidhaa. Jalala, dampo na tanuri la taka viligawana kilichobaki. Taka za plastiki zilizorejelezwa hazikuzidi asilimia 9.

Sababu ni joto. Ili kupata polithini mpya, mafuta mepesi au gesi hupasuliwa ndani ya matanuri yenye nyuzi zaidi ya 800, na matanuri hayo huwashwa kwa mafuta yaleyale. Plastiki iliyokwisha kutumika haihitaji safari hiyo. Huchambuliwa, huoshwa, husagwa na kuyeyushwa kwa nyuzi 200 hivi, kisha hutoka ikiwa punje tayari kwa kumwagwa kwenye kalibu. Utafiti uliofanywa Marekani mwaka 2018 kwa ajili ya chama cha warejelezaji wa plastiki ulionyesha kwamba punje za namna hiyo hupunguza gesijoto kwa asilimia 67 zikitokana na chupa za PET, na asilimia 71 zikitokana na polithini nzito kama ya bidoni. Waliolipia utafiti wana duka lao la kulinda, hilo lijulikane. Hata hivyo tafiti nyingine nazo huangukia upande huohuo. Kwa mkato, tani moja ikirejelezwa vizuri huokoa kati ya tani 1 na tani 2 za gesijoto.

Kolwezi ina sababu ya kuokoa zaidi ya hapo, nayo huonekana kila jioni. Taka za mitaani huchomwa. Kilo moja ya polithini ikiungua yote hutoa kilo 3.1 za hewa ukaa, kwa kuwa kila chembe ya kaboni hujibebea oksijeni ya hewani na moshi unakuwa mzito kuliko kilichochomwa. Kilo ya chupa za PET hutoa kilo 2.3. Mpira wa nyaya za umeme, ule unaochomwa na wanaotafuta shaba iliyomo ndani, hutoa hewa ukaa pungufu ya hizo, lakini mpira huo ni PVC, ambayo zaidi ya nusu ya uzito wake ni klorini, na moshi wake ni sumu ya kweli. Katika mji ambao taka hufukiwa, plastiki hukaa ardhini na kaboni yake kwa mamia ya miaka, na kuirejeleza huokoa gesi za kiwandani tu. Katika mji unaochoma, kilo iliyookotwa mapema hukwepa kiwanda na hukwepa moto pia. Jumla hupita kilo 4. Mwenye kubisha atasema kwamba beseni lililotengenezwa kwa plastiki hiyo nalo litachomwa siku moja, na atakuwa amesema kweli. Lakini beseni huishi miaka, mfuko huishi dakika.

Mpaka hapa hesabu ingefaa kwa Kisumu, Mwanza au Mbuji-Mayi. Kinachoutenga mji huu ni barabara yake.

Kolwezi iliasisiwa mwaka 1937 na kampuni ya Union Minière, na tangu 2015 ni makao makuu ya jimbo la Lualaba. Kongo ilitoa takriban tani milioni 3.3 za shaba mwaka 2024 na zaidi ya asilimia 70 ya kobalti ya dunia, na sehemu kubwa ya mali hiyo hutoka katika ukanda huu: Kamoto, Mutanda, Kamoa-Kakula, Kisanfu, Tenke na Fungurume. Miji mingi ya bara la Afrika hupokea malori yaliyojaa na kuyarudisha matupu, na dereva anayerudi mtupu hubeba chakavu kwa bei ya chai. Hapa ni kinyume. Lori huingia na salfa, kemikali, vipuri na unga, kisha hutoka na shaba iliyofika bei ya dola 9,000 hivi kwa tani katika soko la London mwaka 2024. Mwenye chupa tupu anayetafuta nafasi kwenye lori hilo anagombana na mzigo ambao hauna mshindani.

Sasa tuchukue kalamu. Lori la tani 30 lililojaa hunywa kama lita 40 za dizeli kwa kila kilomita 100, na lita moja ya dizeli hutoa kilo 2.7 za hewa ukaa. Kutoka Kolwezi hadi Lubumbashi ni kilomita 300 na ushei: lita 120, kilo 320 hivi za hewa ukaa, yaani kilo 11 kwa kila tani ya mzigo. Ukilinganisha na tani 1 hadi 2 zinazookolewa, hiyo ni tone baharini. Hata Durban, karibu kilomita 3,000, haizidi kilo 110 kwa tani. Kwa hiyo wanaosema kwamba usafiri wa mbali hula faida yote ya urejelezaji wamekosea, mradi lori limejaa.

Mradi limejaa. Chupa zisizokandamizwa ni hewa iliyovikwa plastiki. Lori lilelile litafurika likiwa na tani 3 tu, huku likinywa lita 30 kwa kilomita 100 kwa sababu mwili wake wenyewe ni mzito. Safari ya Lubumbashi sasa inatoa kilo 80 kwa tani ya plastiki. Safari ya Durban inatoa kilo 800, na nusu ya faida imeishia njiani. Kitakachotofautisha safari hizo ni mashine moja ya kufungia marobota, ambayo huzikandamiza chupa mara kumi na zaidi na kuzifunga kwa waya. Bei yake ndogo ni maelfu ya dola, si mamilioni. Anayetaka kuanza biashara hii Lualaba na hana mashine ya marobota, basi ana jalala lenye uzio.

Kwenye fedha mambo ni magumu zaidi kuliko kwenye gesi. Gesi haijali kama dereva amedai malipo ya shaba. Mfanyabiashara anajali, na mara nyingi gharama ya kulitoa robota Lualaba ndiyo inayoamua kwamba kazi ya kusaga na kuyeyusha ifanyike hapahapa, ili kinachouzwa kiwe ni bomba, beseni au nguzo, na mnunuzi awe jirani. Hapo plastiki ya mjini haishindani na shaba kutoka. Inashindana na bidhaa ya nje inayoingia, ambayo tayari imebeba gharama za mpaka wa Kasumbalesa mgongoni.

Kuyeyusha kunataka umeme, na umeme wa huku una sura mbili. Ya kwanza ni safi kupita kiasi. Mabwawa ya Nzilo na Nseke kwenye mto Lualaba, yote ya miaka ya 1950, yako karibu na mji, na mwanzoni mwa miaka ya 1980 ulikamilika waya wa takriban kilomita 1,700 unaoleta umeme wa mabwawa ya Inga mpaka Kolwezi. Mtambo wa kurejeleza unaotumia umeme huo hutoa gesijoto kidogo kuliko mtambo wa namna hiyohiyo kule Gauteng, ambako nguvu nyingi hutoka kwenye makaa ya mawe. Kwa haki, punje ya Kolwezi ingekuwa miongoni mwa punje safi zaidi duniani.

Sura ya pili inakuja umeme wa SNEL, shirika la umeme la taifa, unapokatika. Migodi yenyewe haitoshelezwi. Hununua umeme wa nje na kuweka majenereta. Jenereta la dizeli hutoa karibu kilo 0.8 za hewa ukaa kwa kila uniti ya umeme, na kuosha, kusaga na kuyeyusha kilo moja ya plastiki huweza kula uniti nzima au pungufu kidogo. Faida, tuseme kilo 1.3 kwa kila kilo ya plastiki, inabaki nusu yake au pungufu. Mtambo unaoendeshwa usiku, umeme ukiwa mwingi, na kupumzika mchana unapokatika, huokoa hewa na pia huokoa mfuko, maana dizeli ya Lualaba nayo imesafiri.

Plastiki yenyewe hujua kulipiza. Upande wa mashariki, kwenye mto Ruzizi unaotoka Ziwa Kivu, bwawa la Ruzizi I linalolisha Bukavu limezingirwa na chupa na mifuko inayoteremka kutoka vilimani kila mvua inaponyesha; taka huziba njia za maji, na mitambo imewahi kusimama kwa sababu hiyo. Mji unakosa umeme wa maji, wenye uwezo wanawasha jenereta. Hewa ukaa inayotoka kwenye jenereta hilo inapaswa kuandikwa kwenye hesabu ya chupa.

Ukiuliza ni plastiki gani inayorejelezwa kwa wingi zaidi Lualaba bila mradi wala mfadhili, jibu huenda likawa mfuko wa rafia. Jina linadanganya, kwani rafia ya leo ni nyuzi za polipropilini zilizofumwa. Mfuko huingia kutoka Zambia umebeba kilo 25 za unga wa mahindi. Unga ukiisha, mfuko haufiki jalalani. Unanunuliwa na mchimbaji wa mikono, anaujaza mawe meusi ya kobalti au ya kijani ya shaba, anaushona mdomo kwa kamba, na pikipiki inaupeleka Musompo, nje ya mji, ambako maghala ya wanunuzi yamejipanga kandokando ya barabara. Hapo unamwagwa, mawe yanapimwa, mfuko unarudi shimoni. Ukipasuka ubavuni unapewa makala, kwa sababu makala hayavuji. Ukipasuka zaidi unajazwa mchanga kuzuia maji mlangoni, au unakatwa kuwa mkeka wa kuanikia mihogo. Mwenye ofisi ya mazingira angeuita mzunguko huu mnyororo wa uchumi duara na kuufanyia semina. Mwenye mfuko anajua tu kwamba mpya ni pesa.

Na kwa kipimo cha gesi, kutumia tena hushinda kuyeyusha. Mfuko uliokwenda shimoni mara 10 umefuta mifuko 9 bila maji ya kuoshea wala umeme. Takwimu za urejelezaji hazioni hilo kwa kuwa hakuna kiwanda kinachoandika kwenye daftari, na hivyo mji kama Kolwezi huonekana kwenye ripoti kama haurejelezi kitu.

Ila kuna mpaka ambao ustadi huu haupaswi kuuvuka. Mifuko mikubwa inayobeba haidroksidi ya kobalti, na mapipa ya buluu yaliyoleta kemikali za kuchenjulia madini, navyo vina soko mtaani, na pipa la lita 200 ni zawadi kubwa kwa nyumba isiyo na bomba. Plastiki hunywa kidogo kile ilichobeba. Chombo cha kemikali kikisagwa, kimetoweka kama hatari ya nyumbani. Kikiuzwa kizima, maji ya kunywa yanalala ndani yake. Hapa kurejeleza kwa mashine ni salama kuliko kutumia tena, na mgodi unaotoboa mapipa yake kabla hayajatoka getini unawafanyia majirani hisani ambayo majirani hawataipenda.

Migodi ndiyo yenye plastiki nyingi, na ndiyo mnunuzi pekee mwenye mfuko mzito. Mabwawa ya masalia na ya tindikali hutandikwa shuka za polithini nzito zenye unene wa milimita 1.5 au 2. Shuka ya milimita 1.5 ina uzito wa kilo 1.4 kwa mita ya mraba, hivyo hekta moja humeza tani 14. Ongeza mabomba meusi ya polithini yanayotambaa kilomita kwa kilomita kati ya shimo, kiwanda na bwawa. Shuka hizo haziwezi kutengenezwa kwa chakavu cha sokoni. Hakuna mhandisi atakayetia saini bwawa la tindikali juu ya plastiki isiyojulikana asili yake. Wala bomba la shinikizo kubwa. Lakini mgodi pia hununua vitu vya hadhi ndogo: mabomba ya kupitishia nyaya, mifereji ya maji ya mvua, palati, nguzo za kuonyesha kingo za barabara, mifuko meusi ya taka, ndoo. Hapo ndipo chakavu huingia bila aibu, na vipande vya shuka na mabomba vilivyobaki kwenye ujenzi, safi na vya aina moja, ni malighafi ambayo mrejelezaji angeota.

Sheria iko upande wake, angalau kwenye karatasi. Sheria ya tarehe 8 Februari 2017 kuhusu kazi ndogondogo zinazotolewa na kampuni kubwa inataka kazi hizo ziyaendee makampuni yenye mtaji ulio mikononi mwa Wakongomani. Msimbo wa madini uliorekebishwa Machi 2018 unailazimu kila kampuni ya madini kutenga asilimia 0.3 ya mauzo yake kwa maendeleo ya jamii zinazoizunguka. Mgodi unaouza kwa dola bilioni moja kwa mwaka hutenga dola milioni 3. Fedha hizo zimezoea kujenga madarasa na zahanati, nani atabisha? Lakini banda lenye mashine ya kusaga na ya marobota ni sehemu ndogo sana ya kiasi hicho, na huendelea kulipa mishahara baada ya utepe kukatwa, mradi mgodi huohuo ukubali kununua kinachotoka bandani.

Sheria nyingine imekuwa na bahati mbaya zaidi. Amri ya waziri mkuu ya tarehe 30 Desemba 2017 ilipiga marufuku kuzalisha, kuingiza, kuuza na kutumia mifuko na vifungashio vya plastiki nchini Kongo, miezi michache baada ya Kenya kufanya hivyo. Rwanda ilikuwa imetangulia mwaka 2008. Sokoni Kolwezi mfuko mwembamba bado unafunga nyanya, sukari na karanga, na maji baridi bado yanauzwa ndani ya vifuko. Hata pangekuwa na mashine mjini, kifuko cha maji kingeipita kando. Kina uzito wa gramu 2 hivi. Mwokotaji anayetaka kilo moja lazima ainame mara 500, wakati bidoni moja inampa kilo hiyo kwa kuinama mara moja, na chupa za nusu lita zinampa kwa kuinama mara 65 hivi. Uti wa mgongo wa binadamu umeshaamua nini kitarejelezwa kabla mfadhili hajafika.

Kuna chombo kimoja mjini ambacho hakiokotwi kamwe kwa sababu hakitupwi: chupa ya bia ya Simba. Ni ya glasi na ina dhamana. Anayenunua bia bila kurudisha chupa tupu analipia chupa, na mtoto akiikuta imesahaulika chini ya kiti anajua pa kuipeleka. Mfumo huo unafanya kazi Katanga tangu enzi za wazee bila kampeni wala fulana. Chupa ya plastiki ya soda, inayouzwa na duka hilohilo kutoka kwenye friji hilohilo, haina dhamana, na iko mtaroni. Mwenye kutafuta tofauti ya tabia kati ya mnywaji wa bia na mnywaji wa soda atasumbuka bure.

Wengine wameshaonja biashara hii, na kila mmoja alifanikiwa au alisota kulingana na mnunuzi wake. Bukavu, Nicole Menemene aliasisi Plastycor, inayogeuza plastiki ya Ziwa Kivu kuwa vikapu, vyungu vya maua na viti; mnunuzi wake ni nyumba na ofisi za mjini. Kinshasa, OK Plast huyeyusha plastiki iliyokusanywa katika mji ambao hauishiwi nayo. Nairobi, EcoPost ya Lorna Rutto ilianza mwaka 2009 kutengeneza nguzo za uzio kwa plastiki, na hapo gesijoto inaokolewa kwa mlango wa pili, maana kila nguzo ya plastiki ni mti uliobaki umesimama. Mr Green Africa, iliyoanza Nairobi mwaka 2014, ilikwenda njia nyingine: inawalipa waokotaji moja kwa moja, inachambua mpaka aina na rangi, na punje zake zimeingia kwenye vifungashio vya Unilever. Hiyo ndiyo kazi ngumu kuliko zote na ndiyo yenye faida kubwa kwa hewa, kwa kuwa punje imechukua nafasi ya punje mpya kwenye bidhaa ileile. Lamu, Ali Skanda na mafundi wenzake waliunda jahazi la Flipflopi kwa tani 10 za plastiki na makubadhi 30,000, likasafiri hadi Zanzibar mwanzoni mwa mwaka 2019. Jahazi hilo halikupunguza gesi ya kupimika; liliwafanya watu wazungumze, jambo ambalo nalo lina bei.

Nguzo za EcoPost zinastahili kutazamwa kwa jicho la Lualaba. Miombo inayouzunguka mji inaisha kwa makala, na kila kiwanja kipya kinahitaji uzio. Nguzo ya plastiki hailiwi na mchwa. Haihitaji plastiki safi wala ya rangi moja. Nyeusi inatosha.

Hatari kubwa ya biashara hii haiko mjini bali kwenye bei ya mafuta. Mafuta yaliposhuka ghafla mwaka 2020, plastiki mpya ikawa rahisi kuliko iliyorejelezwa, na warejelezaji wa mabara yote wakabaki na maghala yaliyojaa. China ilikuwa imeshafunga mlango wake kwa taka za plastiki za nje tangu Januari 2018. Tangu Januari 2021 Mkataba wa Basel unataka kibali cha nchi inayopokea kwa taka mchanganyiko, huku ukiziacha zipite kirahisi zaidi zile safi zilizochambuliwa. Robota chafu la Kolwezi, basi, lina vizuizi viwili: lori la shaba na karatasi za mpakani. Reli ya Lobito, kilomita 1,700 hivi hadi Atlantiki, ingeweza kubeba mzigo mwepesi kwa hewa ukaa kidogo, lakini nayo imefufuliwa kwa ajili ya shaba.

Wapo wanaotegemea hati za kaboni. Umoja wa Mataifa una mbinu rasmi ya kuhesabu gesi inayookolewa na urejelezaji wa plastiki, AMS-III.AJ, na wakaguzi wanaijua. Lakini chukua mtambo wa tani 1,000 kwa mwaka, ambao kwa Kolwezi ungekuwa mkubwa. Unaokoa tani 1,300 hivi. Kwa dola 10 kwa tani, bei ya mfano, ni dola 13,000 kwa mwaka kabla ya kumlipa mkaguzi na tiketi yake ya ndege. Zinatosha kuwalipa walinzi wa usiku. Mtambo usiosimama kwa kuuza mabomba na mabeseni hautasimamishwa na kaboni.

Na tusipandishe plastiki cheo isichokuwa nacho. Lori moja la mgodini la tani 100 hunywa lita 60 hivi za dizeli kwa saa, kilo 160 za hewa ukaa. Tani moja ya polithini iliyorejelezwa, pamoja na jasho lote la mwokotaji, mwoshaji na mwendesha mashine, inalipia zamu moja ya saa 8 ya lori hilo. Makala ya mji mzima yana hesabu yake, nzito kuliko hiyo. Dunia kwa upande wake haijakubaliana hata pa kuanzia: mazungumzo ya mkataba wa plastiki yaliyozaliwa kwenye azimio la Nairobi la Machi 2022 yalivunjika Geneva Agosti 2025 bila makubaliano, wazalishaji wa mafuta wakitaka urejelezaji tu uzungumzwe, wengine wakitaka uzalishaji wenyewe uwekewe kikomo. Kolwezi haizalishi hata gramu moja ya plastiki mpya. Inaipokea, inaitumia mpaka inachoka, kisha inaiwasha.

Jioni, Manika, fundi anafunga kazi. Bidoni zilizopona zimechukuliwa. Vipande vikubwa vya njano anavirudisha kwenye mfuko wa rafia, kwani kesho ni viraka. Vipunje na masalio ambayo hayawezi kushikwa na kisu, kilo moja au pungufu, hakuna wa kuyanunua mpaka pawe na mashine ya kuyasaga. Mama wa jirani anayaomba. Anayaweka chini ya makala mabichi, anakwaruza kiberiti, na moshi mweusi unapanda mpaka jiko lishike.